Natembea Tu

"Waenda kwa nani?"

Mzee aliuliza bila ya kuinua macho. Alikuwa ameketi chini ya mkungu, karibu na pale madau yanapofungwa kwenye mdomo wa Mto Tana, jarife limemlalia mapajani, akiziba matundu. Kipini ilikuwa ndiyo kwanza inaamka. Adhana ya alfajiri ilikuwa imekwisha kitambo, moshi wa kuni ulikuwa ukijipenyeza makutini, na majani ya mkungu yaliyokwisha kuwa mekundu yalikuwa yakidondoka moja moja juu ya mchanga, kwa uvivu, kwa kuwa hapakuwa na upepo wa kuyaharakisha.

"Siendi kwa mtu, mzee wangu. Natembea tu."

Hapo ndipo aliponitazama. Alitazama miguu yangu, akatazama kikapu nilichokishika, kisha akachungulia nyuma yangu kuona kama nina mwenzangu. "Mwanangu," akasema, "kutembea ni kwenda kwa mtu. Kama hakuna mtu, hujatembea." Akarudi kwenye jarife lake.

Niliondoka nikijua nimeshindwa hoja, tena nimeshindwa na lugha yangu mwenyewe. Sisi humwambia mtu "njoo utembee kwetu," wala hatumwiti kufanya mazoezi ya miguu. Siku ya Idi twatembeleana. Mgonjwa hutembelewa. Jirani anayepita mlangoni pako kila asubuhi hajatembea kwako hata mara moja; ndugu aliyepanda basi Mombasa, akashuka Minjila, akatafuta gari jingine mpaka Kipini, akaketi kwenye jamvi lako akanywa kahawa, huyo ndiye aliyetembea. Kwetu hatua hazihesabiwi. Kinachohesabiwa ni kizingiti alichokivuka mtu na "karibu" aliyoipata.

Basi mtu anayetoka peke yake, bila ya kizingiti mbele yake, anafanya nini? Wahenga wana majibu mawili, nayo yanapigana. Mtembezi hula miguu yake, walisema. Halafu, kama waliojuta: mtembea bure si sawa na mkaa bure. Nimeishi katikati ya methali hizo mbili kwa miaka mingi. Na kila mwaka, kusi likikaribia kufa, naja Kipini kutembea peke yangu kwenye vilima vya mchanga vya pwani hii. Naandika kuyasifu matembezi hayo kwa sababu naamini ni ufundi, wenye elimu yake na adabu zake, sawa na kushona jarife.

Wakati wenyewe ni tanga mbili. Kusi lililovuma tangu masika limechoka, na kaskazi bado halijashika. Manahodha wa zamani hawakuupenda wakati huu, kwa kuwa upepo hauna bwana. Asubuhi unatoka huku, alasiri unatoka kule, na mchana kutwa unaweza kulala kabisa, tanga likaning'inia kama nguo kwenye kamba. Lakini hasara ya baharia ni faida ya mtembezi. Jua halijapata ukali wa Januari. Vuli imeshanyesha mara moja au mbili, imeulainisha mchanga wa juu ukashikana, hauruki tena machoni. Pwani yetu haina majira ya miti yote kupukutika kwa pamoja, ila tuna mkungu, unaotosha kumwonyesha mtu kuwa kitu fulani kinakwisha. Na kuna sululu, ndege wa mdomo mrefu uliopinda, waliotoka kuzaliana mbali kaskazini katika nchi za barafu, ambao siku hizi wanashuka kwenye matope ya mdomo wa Tana wakiwa wamekonda. Ukiwaona, umeuona mwaka ukigeuka.

Nina rafiki anayeishi Uskochi, ambaye naye hutembea peke yake milimani mwezi huohuo wa Oktoba. Hunipigia simu akirudi. Kwao majani yote yamegeuka rangi ya kutu, na theluji ya kwanza imeanza kukaa juu vileleni. Alinieleza kuwa mwaka 1891 mtu aliyeitwa Hugh Munro alichapisha orodha ya milima ya nchi hiyo iliyozidi futi 3,000, na kwamba leo inahesabiwa 282, na wapo watu wanaotumia nusu ya umri wao kuikamilisha. "Wewe umepanda vilima vingapi?" aliniuliza. Nilimwambia vya kwetu haviandikiki. Kilima nilichokipanda mwaka juzi hakipo, au kipo lakini kimesogea, kimebadili mgongo, kimemeza kichaka kilichokuwa alama yangu. Mtu akiandika orodha ya vilima vya Kipini, msimu mmoja wa kusi utaifuta.

Rafiki huyo ndiye aliyenipelekea kitabu cha Nan Shepherd, mwanamke wa Aberdeen aliyeandika juu ya milima ya Cairngorm katika miaka ya 1940, akakiweka kitabu ndani ya saraka mpaka kikachapishwa mwaka 1977. Nilikisoma polepole. Kilichonishika ni kwamba mwanamke huyu hakuwa na pupa ya vilele. Aliuona mlima kuwa ni rafiki wa kutembelewa. Nikamkumbuka mzee wa chini ya mkungu. Watu wawili ambao wasingeweza kusalimiana kwa lugha moja walikuwa wamenipa jibu moja, na mimi nilikuwa mbishi kwa wote wawili.

Anayetaka kujifunza ufundi huu Kipini aanze na maji, kwa kuwa ufuo ndio barabara na bahari ndiyo inayoifungua na kuifunga. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji hupwa mpaka mbali, kisha hujaa mpaka kwenye miguu ya vilima. Kati ya kupwa na kujaa kwa bamvua maji ya pwani yetu hupanda mita 3 na zaidi, kimo cha nyumba ya makuti. Uzuri wake ni kuwa bamvua ina saa zake: maji hupwa kabisa saa nne au saa tano za asubuhi, na hujaa kabisa saa kumi au kumi na moja za jioni. Kila siku saa hiyo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Basi anayeujua mwezi ameshaijua ratiba yake. Hutoka alfajiri maji yakiwa yanarudi nyuma mbele yake kama mwenyeji anayekufungulia mlango, akafika anakofika kwenye saa ya kupwa, akaanza kurudi kabla ya adhuhuri.

Miguu nayo ina darasa lake. Mchanga wa Kipini si mweupe kama wa Diani wala wa Watamu. Ni wa hudhurungi, mzito, umetoka bara kwa njia ya mto, na hautendei miguu sawasawa kila mahali. Ukitembea karibu mno na mawimbi unazama kisiginoni. Ukitembea juu mno, pakavu, unazama kwenye vifundo. Katikati kuna utepe mmoja, upana wake hatua mbili au tatu, ulio mgumu kama sakafu. Hauonekani kwa macho ya mtu mgeni. Mimi huusikia: kisigino kikilipata lile eneo, sauti hubadilika, kutoka kunong'ona ikawa kugonga. Huvua makubadhi nikayatia kikapuni mpaka jua litakapopanda, kwa sababu ngozi ya unyayo husikia mambo ambayo ngozi ya ng'ombe haiyasikii.

Kwenye vilima mambo hubadilika tena. Kusi hupiga mchanga upande wa baharini, likaukandamiza, likaulaza kwa mteremko wa taratibu. Punje zikifika kileleni hudondokea upande wa pili, ambako hujilundika wima na laini, tayari kuporomoka. Miaka yangu ya mwanzo nilikuwa najaribu kupanda kwa upande huo laini kwa kuwa una kivuli asubuhi. Kila hatua tatu nilizopanda nilirudishwa mbili. Nilidhani ni udhaifu wa mapafu yangu. Mvuvi mmoja aliyekuwa akinitazama kwa mbali alinionyesha kwa mkono tu, hakusema kitu: zunguka, upande kwa njia ya upepo, ushuke kwa njia ya kivuli. Tangu siku hiyo napanda kilima kirefu kuliko mnazi bila ya kusimama. Na kushuka kwake ni furaha ya kitoto. Unaruka, mchanga unakushika kiunoni, unateleza nao, na kilima chote kinatoa mngurumo mdogo chini yako.

Halafu kuna kusoma. Vilima vya mchanga asubuhi ni gazeti lililochapwa usiku, na upepo ukilala hakuna anayelifuta. Kaa wa mchangani ameandika mistari yake myembamba kutoka shimoni na kurudi. Nyoka amepita, hakuna unyayo, ni mawimbi tu. Tumbili wamecheza hapa. Na pale, karibu na mto, duara kubwa lenye vidole vinne: kiboko alitoka majini usiku kula majani. Elimu hii si ya mapambo. Kiboko hurudi majini alfajiri, na mtu asisimame kati yake na maji hata kama ana haraka gani. Ndiyo maana sipiti ukingo wa mto kabla jua halijatoka, na nyati wa vichaka vya nyuma ya vilima nawaachia vichaka vyao. Mtembezi wa peke yake hana wa kumwambia "tazama kule." Macho mawili yafanye kazi ya macho manne, na masikio vilevile. Uchovu wa siku hiyo hauko miguuni peke yake.

Wazee wetu wana neno kitwea, kwa hali ya mtu aliye pekee. Nalipenda kuliko upweke, kwa kuwa upweke kwangu una kilio ndani yake. Kitwea ni hali tu, kama kupwa kwa maji. Mtu akikaa ndani yake kwa saa moja hivi, kelele za kichwani hutulia moja baada ya nyingine: deni, ugomvi, jibu ulilotaka kumpa mtu juzi ukalikosa. Yanayobaki ni pumzi, na bahari. Nimejaribu kulipata jambo hilo kwa kutembea na wenzangu, hata wale niwapendao sana, sikulipata. Ukiwa na mwenzako, nchi huwa ni mahali pa kupigia mazungumzo. Ukiwa peke yako, nchi ndiyo inayozungumza.

Lakini fasihi yetu ya safari haikumpa nafasi mtembezi wa namna hii. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha Safari za Wasuaheli, habari zilizosimuliwa na Waswahili wenyewe. Humo mna Salim bin Abakari aliyefika mpaka Siberia akiwa na bwana wake Mjerumani. Ni kitabu cha thamani kubwa. Ila kurasa zake zimejaa misafara, wapagazi, mahongo, vyakula, wakubwa na wadogo. Hakuna aliyekwenda peke yake kwa hiari, na haishangazi: njia za zamani zilikuwa za hatari, na aliyekuwa pekee aliuzwa au aliliwa na simba.

Yupo mmoja tu ninayeweza kumdai kuwa babu wa ufundi huu, naye ni wa hapahapa. Fumo Liyongo, shujaa na mshairi, ni mtu wa Ozi na Shaka, nchi hii inayozunguka Kipini, na wenyeji huonyesha mahali wanapoamini kuwa ndipo kaburi lake lilipo. Utendi wake mashuhuri, alioutunga Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, humwonyesha akiishi maporini, akiwindwa na kuviziwa, mpaka mwanawe alipomuua kwa sindano ya shaba kitovuni. Watu hukumbuka kifo hicho, na namna alivyopiga magoti penye kisima, upinde mkononi, mji mzima ukaogopa kwenda kuteka maji kwa kudhani yu hai. Mimi hukumbuka mwendo wake. Inasimuliwa kuwa njia iliyowachosha wengine kwa siku kadhaa, kufikia Pate, yeye aliikata kwa siku moja, na begani alibeba mfuko wenye kinu, jiwe la kusagia, vyungu, hata mafiga. Watoto hucheka wakiambiwa hivyo. Wanaona ni habari ya nguvu za jitu. Nikiwa juu ya kilima, naona zaidi ya nguvu. Mtu huyo alitembea na jiko lake ili asimlemee mwenyeji yeyote. Ni mgeni aliyekwenda na mafiga yake.

Na mzigo, katika nchi hii, ndio ruhusa. Hilo nilichelewa kuling'amua. Kila asubuhi wanawake hutoka vijijini peke yao kwenda kuokota kuni, kuteka maji, kupanda mpunga mabondeni, na hakuna anayewauliza waenda kwa nani. Kuni zilizo kichwani zimeshajibu. Mwanamke asiyebeba kitu ndiye mwenye maswali ya kujibu, na maswali hayo hayaulizwi kwa ubaya daima. Mengi ni huruma, watu wanadhani umefiwa au umefukuzwa. Ndiyo maana ya kikapu changu. Ndani mna chupa mbili za maji, tende, leso ya kujitandia na kujifunika, na nafasi kubwa tupu. Sikioni kuwa ni udanganyifu. Ni salamu. Kinawaambia watu kuwa mimi nami nina shughuli.

Mwaka wangu wa pili nilikosea vibaya. Ilikuwa ni bamvua, nami nilikaa kwenye chai na mazungumzo mpaka saa tano, maji yakiwa yamekwisha kugeuka. Nilijiambia kuwa ufuo ni mpana. Nilikwenda, nikafurahi, nikasahau, na nilipogeuka kurudi saa tisa ule utepe mgumu haukuwapo tena. Kila wimbi lilichukua kidogo. Saa kumi bahari ilikuwa inalamba miguu ya vilima, na mchanga ukikatika vipande vipande ukianguka majini. Ikanibidi nipande, nivuke kilima, nishuke kwenye vichaka vya nyuma, ambako hakuna upepo, hakuna njia, miba inashika leso na mikoma imeziba macho. Maji yangu yalikuwa yamekwisha. Nilitembea kwa muda nisioweza kuukadiria, nikiisikia bahari upande mmoja tu wa kichwa, na kwa mara ya kwanza niliogopa.

Nilisikia vicheko kabla ya kuwaona. Wanawake watatu walikuwa wakiteka maji kwenye kisima kifupi kilichochimbwa mchangani. Mvua inayonyesha juu ya vilima hunywewa na mchanga, ikakaa chini, maji matamu yakielea juu ya maji ya chumvi; ukichimba kiasi tu unayapata, ukichimba mno unachanganya chumvi na utamu. Mkubwa wao alinitazama midomo, akanipa maji kwa kata. Nikanywa. Akanipa tena. Ndipo alipouliza, kama walivyouliza wote, natoka kwa nani. Nikamwambia kweli: sikwenda kwa mtu.

"Basi umetembea kwetu," akasema. "Keti."

Sikuuona tena mwendo kwa jicho lilelile baada ya kata ile.

Ungwana iko mbele zaidi kwenye pwani hiyohiyo, ndani ya msitu mdogo: msikiti wa Ijumaa, makaburi, vipande vya ukuta wa mji, kuta za matumbawe zilizokumbatiwa na mizizi. James Kirkman alichimbua hapo na akachapa kitabu chake mwaka 1966. Baada yake alikuja George Abungu, Mkenya, aliyeishughulikia historia ya makazi ya Tana na baadaye akawa mkurugenzi mkuu wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Kwa maelezo yao, mji uliishi kwa karne kadhaa mpaka ukaachwa katika karne ya 17. Kirkman aliamini kuwa ndio mji ambao Wareno waliuita Hoja, wakautia moto mwanzoni mwa karne ya 16. Nikifika pale ninasimama nje ya lililokuwa lango, nabisha hodi. Nabisha kwa sauti. Mwanzo nilifanya hivyo kwa kuona haya. Leo siwezi kuingia bila ya kufanya. Hodi hutaka mambo matatu, usimame, useme, usubiri, na kusubiri ndiko kunakofundisha. Katika kimya kile unasikia njiwa, unasikia jani, unaona mjusi anayekutazama juu ya mihirabu. Anayeingia moja kwa moja na simu mkononi huviona vile vilivyosimama tu.

Kwani wageni wa namna nyingine wamepita hapa. Oktoba 1890, katika wakati uleule wa tanga mbili, manowari za Kiingereza za Admirali Fremantle zilishusha mamia ya mabaharia na askari ufuoni pa Kipini. Walikwenda kwa miguu mpaka Witu, njia ya kilomita 20 na ushei, kulipiza kisasi cha Wajerumani waliouawa huko mwezi uliotangulia. Waliuteka mji wa Sultani Fumo Bakari wakauchoma. Nimeipita sehemu ya njia hiyo. Ni njia nzuri, ina mikoma na miembe, na mtu anaweza kuipenda. Nafikiri juu ya miguu ile mingi, viatu vya ngozi vikipiga mchanga huohuo asubuhi ya mwezi huohuo. Hawakubisha hodi. Walitembea, kwa kipimo cha hatua. Kwa kipimo cha mzee wangu wa chini ya mkungu hawakutembea kabisa.

Mchanga wenyewe ni mgeni pia. Umetoka Mlima Kenya na Nyandarua, umeshuka na mto wa kilomita 1,000 hivi, ukatupwa baharini, bahari ikaurudisha ufuoni, kusi likaupandisha. Na hata mto kupita Kipini ni jambo la juzi. Zamani huu ulikuwa mdomo wa Mto Ozi. Watawala wa Witu walichimbisha mfereji wa Belezoni katika karne ya 19 kuunganisha Ozi na Tana ili mitumbwi ipite, na Tana ikaupenda mfereji ule, ikaupanua, ikahamia. Sasa hali inabadilika kwa upande mwingine. Bwawa la Masinga, lililokamilika mwaka 1981, na mengine yaliyo chini yake, huzuia maji na udongo huko juu kabla ya kufika huku. Kule Ozi wakulima wanalia kwamba maji ya chumvi yanapanda mashambani mwao, yakiua mpunga na miembe. Nami, kwa miguu yangu, nimeona mahali ambapo bahari imekula mguu wa kilima na haijaurudisha. Anayepita kwa gari hawezi kuliona hilo. Anayepita mara moja hawezi. Huonwa na anayerudi kila mwaka, kama mtu anayemtembelea jamaa na kutambua kuwa amekonda. Ikiwa ufundi huu una faida ya kumwonyesha mwenye shaka, ni hiyo.

Sitaki kumdanganya mtu kuwa ni rahisi. Kuna miaka ambayo barabara ya Lamu ilisafiriwa kwa ulinzi, na wenyeji wakaniambia nisiende vilimani. Nilitii, nikakaa ufuoni mbele ya nyumba za watu nikatazama kwa mbali. Kuna mafuriko yanayokata njia ya Garsen. Na ipo siku magoti yatakataa. Lakini mpaka leo sijapata kazi nyingine inayonitaka niwe macho mwili mzima kwa saa sita, bila ya kunilipa wala kunidai.

Siku ile ya kwanza ya hadithi hii nilirudi saa sita unusu. Mzee alikuwa palepale, jarife limekwisha, limekunjwa, yeye amejilaza juu ya mkeka. Nilimwamkia. Akainuka kwa kiwiko.

"Umewakuta?"

"Nimewakuta, mzee wangu."

"Hawajambo?"

"Hawajambo. Wamekonda kidogo."

Akatikisa kichwa, akasogea mkekani, akanimiminia kahawa.

Nawe ukija Kipini, njoo mwishoni mwa Oktoba, siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu. Uliza saa ya kupwa kabla hujauliza bei ya kitanda. Beba maji zaidi ya unavyodhani yatatosha. Na kabla hujavua viatu kuingia mchangani, mwambie mtu aliye chini ya mkungu unakwenda kwa nani, na saa utakayorudi.